Maji Bure, Kumeza Ndiyo Ada

Mmekula mmeshiba, sasa mnataka na hadithi juu yake. Mimi nina kunde za kuchambua, na mdomo wangu si redio. Lakini huyu Shemsa, mtu mzima na akili zake, amekubali kutumiwa mashairi ya mapenzi kwenye simu, na sasa kila akiweka salio linaliwa, kujitoa hawezi. Serikali imetangaza itawashughulikia hao walaji wa salio. Vizuri. Hata Simba alitangaza. Basi kaeni niseme, na atakayekoroma atachambua kunde.

Uliingia ukame, ukame wa kukausha hata mate ya chura. Kikabaki kisima kimoja, na kando yake amekaa Fisi. Hakukichimba yeye. Fisi hajawahi kuchimba kitu ila kaburi la mwenzake. Alikaa tu, akazungushia miiba, akaacha mlango, akatangaza: "Maji bure. Piga hodi uingie."

Wanyama wakapiga hodi, Fisi akaitikia karibu, wakanywa. Kuinua vichwa, yuko mlangoni.

"Ada," alisema.

"Si umesema maji bure?" aliuliza Mama Swala, aliyekuja na mtoto wake wa kunyonya.

"Maji bure, mama mtoto. Kumeza ndiyo ada."

Ilikuwako pia ada ya kuinama, ambayo Twiga aliilipa akilia, maana shingo yake ilihesabiwa yote. Na ada ya kivuli, ingawa kivuli chenyewe kilikuwa cha Fisi akisimama. Kanga akatoa mayai. Twiga akaleta majani ya kulalia Fisi. Mama Swala hakuwa na kitu, akakamuliwa maziwa. Tena si mara moja. Ukishaingia wewe ni wa kisima, kila siku unalipa, umekunywa au hukunywa.

Kitoto cha Swala kikakonda mpaka masikio yakawa ndiyo mwili. Zikaja habari kwamba ng'ambo ya kilima mto umepata maji na majani yameota. Mama Swala akasema ni heri ahame, mtoto angali anasimama.

Lakini alikuwa amelelewa, na aliyelelewa haondoki bila kuaga. Fisi alilijua hilo, na asiyeaga alimwita mwizi wa kufuatwa.

"Kwaheri, Bwana Fisi. Mimi nahama."

"Haya, karibu tena."

"Asante," alijibu Mama Swala, kama alivyofunzwa kwao.

Fisi akaziba mlango. "Nimesema karibu, umesema asante. Basi umeingia upya. Ada ya kuingia upya ni maziwa ya asubuhi na ya jioni."

Kesho yake akaja amebana meno, asiseme asante ng'o.

"Kwaheri."

"Mbona ghafla, dada? Nani kakuudhi? Nikikupunguzia ada ya kivuli?"

"Sitaki. Naondoka."

"Basi hilo limenizidi kimo. Ngoja nikuitie mkubwa wa kisima."

Akaingia kichakani, akatoka amejitwika majani kichwani na sauti ameibana puani. "Mimi ndiye mkubwa. Nimeambiwa una shida."

"Wewe ni Fisi."

"Fisi ni mdogo wangu. Shida yako nimeipokea. Keti usubiri."

Akasubiri mpaka jua likamchoma utosi. Mkubwa akarudi, majani yamekaa upande. "Tunaishughulikia. Pole kwa kusubiri."

"Asante," akasema Mama Swala, kisha akajiuma ulimi. Ilikuwa imeshatoka.

Sungura alikuwa nje ya miiba, anatazama. Yeye alikunywa umande wa majani, kwa kuwa kitu cha bure kinachopigiwa kelele kilimtia shaka.

"Shangazi, usilie," alimwambia Mama Swala. "Utakuja kutozwa ada ya machozi."

Akaenda kwa Simba, akamkuta juu ya mwamba anachana manyoya.

"Mzee, Fisi anawanyonya watu kisimani."

"Nilikataza. Nilinguruma, nchi nzima ikasikia."

"Ilisikia, mzee. Ndipo akaweka ada ya kusikia ngurumo."

Simba akaacha kuchana. "Ngurumo yangu?"

"Anasema wewe unanguruma, yeye anakusanya."

"Nitamla."

"Ukimla watasema ulimwonea wivu. Mwalike chakula."

Fisi akialikwa chakula haulizi siku. Alipiga hodi pangoni, Simba akaitikia karibu, akala nyama mpaka tumbo likagusa chini. Nyuma ya mwamba walikuwa wamejificha Sungura, Mama Swala na mwanawe, Kanga, na Twiga aliyejikunja kama kamba ya ndoo.

"Nimeshiba, mkubwa. Kwaheri."

"Karibu tena," alisema Simba.

"Asante," alisema Fisi. Kinywa chenye nyama hakifikiri.

Simba akajilaza mlangoni, mlango wote. "Basi umeingia upya. Nyama ilikuwa bure, kumeza ndiyo ada. Nadai mbavu."

"Mbavu za mbuzi, mkubwa?"

"Zako."

Fisi akarudi nyuma mpaka mkia ukagusa ukuta. "Hiyo si haki. Mtu akisema kwaheri ameondoka. Karibu tena ni adabu, si kamba ya kumfungia mtu. Na ada huambiwa mtu kabla hajameza."

"Paza sauti kidogo," alisema Sungura. "Masikio ya Twiga yako mbali."

Fisi akayarudia yote, safari hii kwa machozi. Twiga akajikunjua nyuma ya mwamba. "Tumesikia," alisema.

Maneno yale Simba aliyapenda sana, na kwa kuwa aliyapenda akayaona ni yake. Akapanda juu akayanguruma neno kwa neno: aliyeaga ameaga, na ada isemwe kabla ya kumeza. Ndiyo sheria ya Simba mpaka leo, aliitunga Fisi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kile cha maji Fisi hakukichimba, hiki alikichimba kwa ulimi.

"Na mbavu zangu?" aliuliza Fisi.

"Muulize Mama Swala."

Mama Swala akamtazama mwanawe, aliyejaribu kusimama akaketi. "Mbavu abaki nazo. Maziwa aliyokunywa hayarudi. Lakini miguu ya mwanangu imo tumboni mwake, basi atembee kwa niaba yake."

Fisi akabebeshwa kitoto cha Swala mgongoni, akipeleke mtoni ng'ambo ya kilima. Mama mbele, Simba nyuma. Kitoto kimemlalia shingoni, laini, chanuka maziwa, kinampumulia sikioni. Mate yakamjaa Fisi kinywani. Kulamba hakuthubutu, kutema ni utovu wa adabu mbele ya mkubwa. Akameza. Hatua mbili, akameza tena.

"Meza tu, bwana," alisema Sungura, akitembea pembeni. "Kumeza ndiyo ada."

Akalipa njia nzima.