Zahanati ya Wageni

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa zahanati imefungwa, na nje watu wanakufa. Itikieni kwa sauti, maana leo nina hasira.

Hapo kale, wala si kale sana, katika kijiji cha Kilimahonga kila nyumba ilikuwa na kabati la vyombo vya wageni. Sahani nzuri mwenye nyumba hazigusi. Mnacheka? Nendeni mkatazame makabati yenu.

Basi kijiji kikajengewa zahanati. Vitanda vipya, dawa tele, na muuguzi wake. Jumbe Kitojo akaitazama, akasema kitu kizuri namna hii ni cha wageni. Akaifunga, ufunguo akauvaa shingoni. Muuguzi akabaki kufuta vumbi madirishani, tena kwa nje. Mara moja kwa mwaka wakubwa walikuja kukagua. Jumbe akafungua, ngoma zikapigwa, wakubwa wakasifu, wakaenda zao. Jumbe akafunga tena.

Mkunga wa kijiji aliitwa Bi Sihaba. Alibisha hodi kwa Jumbe na mtoto mwenye homa. Jumbe akasema, "Hiyo ya wageni." Mtoto akazikwa. Akabisha hodi na mzee aliyejikata mguu kwa shoka. "Hiyo ya wageni." Mguu ukaoza, mzee akazikwa. Akabisha hodi mara ya tatu, sasa kwa ajili ya binti yake, Mashavu, mimba ya miezi tisa, miguu imevimba, macho yanaona kiza.

"Bi Sihaba, nikuambie mara ngapi?"

Bi Sihaba hakulia. Alikasirika, na hasira ile nawaombea nyinyi nyote. Akakusanya wanawake, wakajitanda kanga mpya mpaka usoni, wakamweka Mashavu katikati. Wakazunguka kupitia mashambani, wakatokea barabara kubwa wakiimba. Muuguzi, aliyekwisha kuambiwa, akakimbia kumpasha Jumbe habari kwamba wageni wa zahanati wanaingia.

Jumbe akavaa kanzu. Akafungua. Ngoma zikalia. Wageni wakapita moja kwa moja hadi ndani, wakamlaza Mashavu kitandani, ndipo wakafunua nyuso.

"Nyinyi si wageni," Jumbe akasema.

"Wageni hawaumwi hapa," akajibu Bi Sihaba. "Tunaumwa sisi. Toka mlangoni."

Mashavu akajifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima. Wanawake wakaung'oa ule mlango pamoja na bawaba zake, wakauweka juu ya mawe, ukawa benchi la wagonjwa.

Mwezi uliofuata Jumbe alishikwa na tumbo la kuendesha. Akaja, akaketi juu ya mlango wake, akangoja zamu, ufunguo bado uko shingoni.

Nami hadithi yangu naiachia hapo benchini. Tamu yake kaeni nayo. Chungu yake mpelekeeni mwenye ufunguo wa kwenu.