Upande wa Nyuma wa Mkuyu

"Na upande wa nyuma nani ataupima?"

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, mashine ya leza ilipokuwa imeshafika milimani Upare lakini ruhusa ya mwanamke kuingia msitu wa ukoo haijafika, binti mmoja aitwaye Naelijwa aliuliza swali hilo mbele ya watu wazima. Watu wazima wakatazama viatu vyao.

Msitu ulikuwa wa ukoo wake mwenyewe, kijijini Vuhanja. Ukingoni mwake, juu ya ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mifereji, ulisimama mkuyu mkubwa uliokuwa ukipukutisha majani tangu masika. Na msaragambo wa kusafisha ndiva ulikuwa umetangazwa: kila nyumba itoe mtu, ashuke bwawani, azoe tope chini ya matawi yale yale. Naelijwa alikuwa amesomea upimaji wa misitu. Akaitwa na mashine yake ya miguu mitatu.

Mashine hiyo hurusha mwanga. Mwanga ukigonga jani hurudi na kitone, ukigonga gome hurudi na kitone. Vitone vikijaa, mti mzima huonekana kwenye kompyuta, kilele kilipopungua, shina lilipoliwa. Lakini mwanga haupenyi gogo. Ukitaka kujua nyuma ya mti, uzunguke nyuma ya mti.

Baba yake mkubwa, Mzee Senkondo, mlinzi wa msitu, akalaza fimbo njiani.

"Wanawake hawapiti hapa."

"Baba mkubwa, siendi kutambika. Naenda kupima."

"Bibi yako hakupita. Shangazi zako hawakupita. Mashine ipite, wewe ubaki."

"Kumbe mwanga wangu ni mwanamume?"

Vijana wakaangua kicheko. Mzee hakucheka, wala fimbo hakuiondoa.

Ndipo akajitolea binamu yake, Elinihaki, fundi wa simu. "Nifundishe mimi, dada. Hata simu iliyoiva kwenye mchuzi naifufua." Naelijwa akamfundisha: isimamishe mbele, bonyeza, ngoja. Zunguka nyuma, isimamishe, bonyeza, ngoja.

Elinihaki akaingia. Akaisimamisha mbele, akabonyeza, akangoja. Akazunguka nyuma, akakuta mawe ya kutambikia waliotangulia yamepangwa mahali pale pale pa kusimamishia mashine. Hakuthubutu kuyagusa. Akarudi mbele, akabonyeza tena palepale, akangoja. Akatoka msituni, jasho likimchuruzika.

"Umezunguka?"

"Nimezunguka, dada."

Naelijwa akafungua kompyuta. Kilele kimepungua, lakini si kwa kutisha. Shina kwa mbele zima. Nyuma? Hakuna kitu. Weusi mtupu. Akajua hapohapo kwamba amedanganywa.

Watu walikuwa wanangoja, majembe begani. Mwenyekiti wa ndiva, Mama Nakunda, mwalimu mstaafu, akamsogelea. "Mwanangu, sema basi. Jua linapanda, na mahindi yanakufa kiu."

"Upande niliouona ni mzima, Mama."

Mama Nakunda hakuwa mtu wa kupitwa na neno. Alilisikia lile "niliouona". Akatazama tope, akatazama watu walioanza kunung'unika, akageuka. "Mkuyu mzima! Shukeni!"

Naelijwa akafumbua mdomo. Subirini, nyuma sijaona: maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Kisha akaiona ile fimbo, bado imelala njiani. Wao waliponiona nauliza walinyamaza, akajiambia. Na wao waulize, tuone. Akafumba mdomo, akafunga kompyuta.

Hapakuwa na upepo. Mkuyu ulipasuka kwa nyuma, mahali ulipokuwa umeoza hadi moyoni, ukamwaga nusu yake bwawani. Watu walikimbia, lakini tope halikimbiliki. Mchome, baba wa watoto wanne, alitolewa miguu yote miwili imepondeka. Hospitali wakasema ataishi, lakini kushika jembe tena hawakuahidi.

Sasa, Vuhanja wana desturi. Aliyesababisha mtu aumie kwenye msaragambo humlimia shamba lake mpaka mwenyewe aseme inatosha. Na hulima mmoja. Waliwahi kugawana mzigo huo watu watatu, kila mmoja akamngoja mwenzake, na familia ikavuna magugu.

Baraza lilipoketi, mke wa Mchome alisimama wa kwanza. "Pole zenu nimeshiba. Nataka mtu mmoja, nimjue, asubuhi nimkute shambani."

Mzee Senkondo akasema, "Mimi nilizuia miguu, sikuzuia mdomo. Angesema hajaona nyuma, ningewafukuza watu bwawani kwa fimbo hii."

"Ungenipisha, nyuma ningeiona!" Naelijwa akadakia.

Elinihaki akasema, "Nilidanganya, sikatai. Lakini uongo wangu ulikufa alipofungua kompyuta. Aliona weusi kabla mtu hajagusa tope."

Mama Nakunda akasema, "Nilitangaza nilichopewa na msomi. Ndiva ni ya kijiji kizima. Ningengoja mpaka lini?"

"Mwalimu," mke wa Mchome akamuuliza, "uliposikia 'niliouona', hukushtuka?"

Mama Nakunda akakaa.

Naelijwa akasimama. "Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Nimenyimwa njia, nimedanganywa, nimeharakishwa. Halafu mzigo unatafuta mgongo, mgongo wa kwanza kuonekana ni wa mwanamke mliyemfukuza mlangoni?"

"Lakini ulijua," mke wa Mchome akasema.

"Nilijua."

"Na mume wangu alipokuwa anashuka, ulimwona."

Naelijwa akamtazama yule mama usoni. "Nilimwona."

Mawingu ya vuli yalikuwa yameshakaa mlimani, na shamba la Mchome lilikuwa halijaguswa.

Wewe unayesikiliza, usiseme "wote". Wote ndio walioacha shamba likaota magugu. Yuko aliyefunga njia, yuko aliyeogopa akaficha, yuko aliyesikia akapuuza, yuko aliyejua akanyamaza. Je, nani alistahili kulima?

Tafadhali, taja jina moja.