Nani Amshike Gogo Kichwa?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina jambo limenikaa kooni, halimezeki wala halitemeki, nimelileta kwenu mnisaidie. Halina zimwi wala sungura mjanja. Lina mzee mmoja, watoto wake wawili, mkwe wake, na mbwa.

Mzee aliitwa Obadia Mgaya, wa kijiji cha Lwangilo, nyanda za juu kule Njombe, ambako mwezi wa saba majani huamka meupe kwa baridi. Ujanani alikuwa mtu wa misitu, akipanda misonobari. Mkewe alipofariki, akili yake ikaanza kuvuja kidogo kidogo. Kwanza alisahau alipoweka kofia, halafu jina la jirani, halafu njia ya kanisani. Ila mbwa wake hakumsahau.

Mbwa huyo aliitwa Gogo. Alikuwa mkubwa, jamani. Akijilaza mlangoni, wageni wanamruka kama gogo lililoangukia njia. Akifurahi, mkia wake unabwaga vikombe mezani. Kila asubuhi yeye na mzee walitoka pamoja, wakaenda mpaka ukingoni mwa shamba la chai, wakarudi. Mzee aliamini kwamba anamtembeza mbwa. Watu wa nyumbani walijua ni nani anayemtembeza mwenzake, nao walinyamaza.

Sasa, hao watu wa nyumbani. Tulizo, binti mkubwa, alijaliwa subira. Onesmo, mdogo wake, alijaliwa nguvu. Na Sekela, mke wa marehemu Ayubu aliyekuwa mtoto wa kati, mtu wa kutoka Tukuyu, alijaliwa jicho: aliyaona maumivu kabla mwenye nayo hajasema. Baada ya kufiwa hakurudi kwao. Alisema, "Baba mkwe nitamwachia nani?" Akabaki.

Nianze na Tulizo.

Gogo aliletwa akiwa mtoto, anaenea kwenye kapu. Hajamaliza hata kuizoea nyumba, akapatwa na ule ugonjwa wa kuharisha damu unaofyeka watoto wa mbwa. Alitapika mpaka akabaki ngozi. Majirani wakasema, "Mchimbieni shimo." Tulizo akachemsha maji, akayapoza, akatia chumvi na sukari, akaketi naye jikoni. Tone kwa kidole, tone kwa kidole. Akitapika, anapanguswa, wanaanza upya. Daktari wa mifugo alipokuja na sindano zake alimkuta dada huyu amesinzia kwenye kigoda, kidole bado kimo kinywani mwa mbwa. Akamwambia, "Sindano yangu itasaidia, lakini huyu umemshikilia wewe." Gogo akapona. Kidole cha Tulizo ndicho kitu cha kwanza alichokilamba kwa hamu.

Kisha Onesmo.

Gogo alishakuwa dume zima, kifua kipana kama mlango. Siku moja kwenye msiba wa jirani alikula makombo ya sufuria nzima, halafu akakimbizana na mbwa wenzake. Alipofika nyumbani tumbo limevimba, limekaza kama ngoma. Anataka kutapika, hakitoki kitu. Anatembea akiinama, anamtazama kila mtu. Mvua ilikuwa imekata barabara, hakuna gari wala pikipiki inayopita. Onesmo hakuuliza. Alimfunga kwa shuka la mama yake, akamtupia mgongoni kama gunia la viazi, akateremka naye kwenye tope mpaka barabara ya lami, na toka hapo mpaka kwa daktari. Alianguka njiani akachubuka magoti. Mbwa hakumwacha aguse chini. Daktari alitoboa tumbo kuitoa ile hewa, akapasua, akalinyoosha tumbo lililojikunja. Alipomaliza alisema, "Mngechelewa kidogo tu, ningekuwa nashona maiti." Gogo akapona mara ya pili. Mgongo wa Onesmo haukupona. Hadi leo akiinua mzigo mzito hushika kiuno.

Na Sekela?

Jambo la Sekela halina siku moja ya kusimulia, na hapo ndipo watu humdhulumu. Mbwa wakubwa huzeeka upesi. Nyonga za Gogo zikaanza kulegea, miguu ya nyuma inateleza kwenye sakafu, akilala kunyanyuka ni kazi. Sekela ndiye aliyeliona hilo kabla ya wote. Akatandika magunia sebuleni ili kucha zishike. Akampunguzia ugali, kwa maana uzito ni adui wa nyonga, na akavumilia yale macho yake ya kuomba. Kila asubuhi alilowesha kitambaa katika maji ya moto, akamkanda mapaja, akampa dawa ya viungo ndani ya kipande cha kiazi, akapitisha kanga chini ya tumbo na kumnyanyua polepole. "Simama, shemeji," alikuwa akimtania. "Baba anakungoja." Kisha anamtembeza uani hadi miguu ikubali, ndipo anamkabidhi kwa mzee. Hakuna aliyempigia makofi. Watu waliona tu mbwa anatembea, wakadhani ni kawaida.

Msiniharakishe. Ndipo ikaja asubuhi ya ukungu.

Ukungu wa kule ukishuka, unanyoosha mkono huoni vidole. Mzee Obadia aliamka kabla ya wengine, akafungua mlango, akatoka peke yake. Alikuwa amevaa shati tu. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa anakwenda kuwahi kazini, kwenye miche ya misonobari ambayo sasa ni miti mirefu.

Sekela alipomaliza kumkanda Gogo, alikwenda kumwita mzee. Kitanda kitupu. Alipiga kelele, Onesmo akaamka, Tulizo akaja mbio kutoka kwake ng'ambo ya kijito. Wakaita, "Baba! Baba!" Ukungu ukazimeza sauti zao.

Gogo hakuita mtu. Alinusa kizingiti, akatoka kwenye geti lililoachwa wazi, akateremka. Miguu ile mibovu, kwenye mteremko ule.

Mzee alikuwa ametumbukia kwenye mtaro wa shamba la chai, mguu umeteguka, maji baridi yanampita mgongoni. Gogo alimfikia akaingia mtaroni. Wachumaji wa chai walisema walisikia mbwa akibweka sehemu moja bila kuhama, sauti inakauka, anaanza tena. Wakaifuata. Walimkuta mbwa amemlalia mzee kifuani, mwili wote, kama blanketi. Mzee midomo imebadilika rangi, lakini chini ya manyoya yale kifua kilikuwa cha moto. Walipomwinua mzee, Gogo alitaka kuwafuata. Sehemu ya mbele ilinyanyuka. Ya nyuma ilibaki majini.

Mzee akapona. Hilo niwaambie mapema, mpumue.

Gogo hakupona. Walimbeba kwa turubai, wakamlaza sebuleni kwenye magunia yake. Miguu ya nyuma ilikuwa imekufa, na baridi ya ule mtaro ikamwingia mapafuni. Tulizo alimpa maji kwa kidole, yakatoka. Onesmo alitaka kumbeba kwa daktari. Akiguswa tu analia. Sekela alimkanda, na safari hii alipomtazama usoni aliinuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Jicho lake lilikuwa limeshaona.

Daktari Kaduma, yule yule wa siku zote, akaja, mvi zimemtoka. Alimpima kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akawaita barazani.

"Naweza kumchoma sindano za maumivu, akae siku chache akihangaika kupata pumzi," alisema. "Au naweza kumlaza asiamke. Kama angekuwa wangu, ningemlaza. Zungumzeni."

Hawakuzungumza sana. Onesmo alipiga ngumi nguzo ya baraza. Tulizo akasema, "Asiteseke." Sekela akatikisa kichwa kukubali. Hapo hapakuwa na ubishi.

Ubishi ulikuja baadaye. Wote watatu waliingia kumzunguka. Gogo alipomwona Tulizo, alijinyanyua kwa miguu ya mbele amsalimie, akalia kwa maumivu, akaanguka. Akamwona Onesmo, akajinyanyua tena. Akaanguka. Akamwona Sekela, akajaribu tena, pumzi ikamkata.

Daktari akawanyooshea mkono. "Tokeni, jamani. Hamwoni? Anawaamkia kila mmoja wenu, na kila mara anaumia. Nahitaji mtu mmoja, uso mmoja anaoujua, amshike kichwa atulie. Mmoja tu. Nani?"

Wakarudi barazani. Hakuna aliyetaka kuwa mchoyo, lakini pia hakuna aliyeweza kukaa nje.

Tulizo akaanza, sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyempokea. Kila mtu alikuwa anachimba shimo, mimi nikakataa. Aliyempokea mgeni ndiye humsindikiza. Kama asingeiona siku ya pili, haya mengine yote yangetoka wapi?"

"Dada, sikukatalii," alisema Onesmo, machozi yanamdondoka na hayapangusi. "Lakini mimi nilimbeba. Nilihisi moyo wake ukigonga mgongoni kwangu njia nzima, nikawa namwambia, usiniachie. Hakuniachia. Sasa nani amtue kama si mimi niliyembeba?"

Sekela alichelewa kusema. Ni mkwe, na mkwe hupima maneno.

"Wifi, shemeji, nyinyi mlimpigania asife," alisema. "Nawaheshimu. Mimi nimekaa naye alipokuwa anaondoka, kidogo kidogo, kila asubuhi. Ninajua ashikwe wapi ili asiumie. Kanga yangu isingemnyanyua siku ile, angebaki mlangoni na baba angekufa mtaroni." Akaikunja ile kanga mapajani. "Ayubu alifia hospitali, mimi nikiwa njiani. Nilimkuta amefunikwa. Sijawahi kumshika mkono mtu wangu yeyote mpaka mwisho. Naomba huyu."

Wote wakainamisha vichwa. Kutoka ndani ilisikika pumzi ya Gogo, inakwenda, inasita, inakwenda.

"Tumwulize baba," alisema Tulizo. "Mbwa ni wake, na uhai uliookolewa ni wake. Atakalosema, basi."

Walimleta mzee, mguu umefungwa bandeji, blanketi mabegani, wakamsimamisha mlangoni. Onesmo akamwambia, "Baba, Gogo anaondoka. Mmoja wetu amshike kichwa. Amua wewe."

Mzee Obadia alimtazama yule mbwa. Gogo alipomwona hakujinyanyua. Alipiga mkia sakafuni mara moja, taratibu, akatulia. Hilo nalo liwekeni akilini mnapoamua.

"Mbwa mzuri huyu," alisema mzee. "Anaumwa?"

"Anaumwa, baba."

"Maskini. Ni wa nani?"

Tulizo aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Mzee akawageukia wote watatu, akawatazama kwa upole kama mgeni anavyowatazama wenyeji wake. "Mbona mnalia tu, wanangu? Mnyama haachwi peke yake katika hali hii. Mwiteni mwenyewe. Mwiteni aje akae naye."

Daktari Kaduma alikuwa amepiga goti kando ya magunia, sindano mkononi. Akainua macho.

"Sawa," alisema. "Mwenyewe ni nani?"

Gogo alikufa siku ile ile, jua likiwa limepasua ukungu. Hakulia. Kichwa chake kilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na mikono hiyo haikumwachia hadi alipokwisha. Alizikwa nyuma ya nyumba, na wote wanne walitupia udongo, mzee akiuliza ni nani aliyefariki. Nimewahi kuwauliza watu wa nyumba ile kama aliyeitwa ndiye aliyestahili. Huyu alisema ndiyo. Huyu alisema hapana. Wa tatu alinikaribisha chai.

Jina sitawatajia, kwa sababu nikilitaja mtaacha kufikiri. Kuna aliyempa uhai alipokuwa anaenea kwenye kapu. Kuna aliyeurudisha uhai huo, akautoa mgongo wake kuwa bei. Kuna aliyeutunza kila kulipokucha bila mtu kumwona. Na kuna yule ambaye uhai wote huo ulitumika kwa ajili yake, aliyependwa kuliko wote na mbwa yule, naye hakumjua tena, na hata kama angemshika, jioni angekuwa ameshasahau.

Daktari anangoja. Gogo anahema. Je, wewe ungemwita nani?