Pua ya Bi Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kilima, chini yake dimbwi, na chini ya dimbwi wenyeji wasioonekana. Kaa vizuri, wewe unayehangaika hapo nyuma. Ngano hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, watu walichimba kilimani mawe ya urani, madini yenye sumu. Walipotosheka wakaenda zao, makapi wakayaacha. Mvua ikaosha sumu yake hadi dimbwini. Maji yalibaki maangavu, hayana harufu, lakini Chura alihama, na Sikudhani, mwana wa Bi Ngiri, akakonda akabaki mifupa na masikio.

Maji mengine hayakuwepo. Na ngiri akipata taabu, dawa yake ni moja: kupiga magoti na kufukua. Bi Ngiri akapiga magoti, akafukua tope aitoe sumu.

Sauti ikatoka topeni. "Bibi, tuache. Sisi ni vijidudu vya udongo. Sumu inayoelea majini tunaikamata, tunaigandisha, inazama. Tuletee majani makavu tule, na tope usilitikise. Nyinyi lambeni umande kwanza."

Akaleta majani. Akakaa. Akainuka. Akazunguka dimbwi. "Wadogo hivi watafanya nini?" Akafukua. Sumu ikapanda, Sikudhani akanywa kwa kiu, akatapika.

"Bibi, umetibua," vijidudu vikasema. "Tunaanza upya."

Akaleta majani tena. Akakaa. Akainuka. Akazunguka. Pua ikamwasha. Akafukua kidogo tu, pembeni, wallahi pembeni tu. Sumu ikapanda. Sikudhani akanywa, akashindwa kusimama.

"Bibi, sisi tutaanza tena," vikasema vijidudu. "Mwanao je, ataweza?"

Bi Ngiri akalia sana. Mara ya tatu akaleta majani, akajilaza ukingoni, akamwambia mwanawe, "Nilalie puani, mwanangu. Mama akiinuka utaanguka. Basi mama hainuki."

Wakalamba umande. Mvua zikaja, zikapita. Pua iliwasha, roho ilimpapatika, hakuinuka.

Asubuhi moja wakasikia: kro, kro. Chura amerudi. Sikudhani akateremka puani kwa miguu yake mwenyewe, akaenda kunywa.

Sumu haikwenda mbali. Ingali chini, imeshikwa. Ngiri wa pale hufukua kila mahali, isipokuwa hapo.

Wenzangu, asiyeonekana naye ana kazi yake. Ukimtibua kwa papara, atakayelipa ni mwanao.

Ngano yangu nimeizika topeni. Asiifukue mtu.