Tausi Mweusi wa Sultani Hilali

Hapo zamani, wala si zamani sana kwa kuwa printa zilikuwa zimekwisha kufika masokoni, mji wa Shungi ulitawaliwa na Sultani aitwaye Hilali. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda vitu vya rahisi vinavyong'aa, na mwenye tabia hiyo hakosi waziri wa kumnunulia. Waziri wake aliitwa Sudi.

Siku moja Waziri Sudi akaleta barazani printa mpya, akaiwasha mbele ya watu, ikatema karatasi yenye picha ya tausi wa rangi saba. Watu wakapiga makofi.

"Na bei yake, bwana wangu, ni mbuzi mmoja tu!" akasema Waziri.

Alikuwapo hapo Mbaruku, fukara mwenye ulimi mrefu na shamba fupi, asiye na mali nyingine ila kibanda cha makuti, nje ya ukuta wa jumba la Sultani, alichokaa na mkewe. Akauliza kwa adabu, "Na wino wake, Mheshimiwa, ni bei gani?"

"Nani amekuuliza habari za wino?" akafoka Waziri. "Wewe huna hata karatasi!"

Mbaruku akacheka, nacho kicheko hicho kikamwudhi Sultani. "Umeicheka mashine yangu? Basi kuanzia kesho utakaa nayo langoni, uwe bawabu. Haingii mtu wala mzigo, hata nzi, ila kwa cheti kilichochapwa, chenye tausi juu. Na amri zangu nazo zitachapwa; neno la mdomo si amri tena. Ukipitisha kitu kimoja bila cheti, kibanda chako nitakivunja, nifuge bata pale pale."

Mbaruku akarudi kwake kichwa chini. Akamkuta mkewe, Bi Mize, akichapa kadi za harusi ya jirani kwa printa yake kuukuu, pana, isiyojua rangi nyingine ila nyeusi. Hiyo ndiyo iliyowalisha.

"Mdomo uliponza kichwa, mume wangu," akasema Bi Mize aliposikia habari. "Wako utaponza na paa. Tutalala wapi?"

Mbaruku akaogopa kweli.

Asubuhi kazi ikaanza. Akaja muuza samaki, akachapiwa cheti na tausi wake. Akaja wa maziwa, wa nazi, wa kuni, kila mmoja na tausi wake. Siku ya tatu, kabla jua halijapanda, printa ikalia, ikawasha taa nyekundu, ikagoma. Wino wa buluu ulikuwa umekwisha. Mweusi ulikuwapo tele, lakini mashine ile ilikuwa na nongwa: rangi moja ikipungua, haichapi hata nukta.

Basi Mbaruku akafunga lango, akakaa.

Adhuhuri ikawa samaki wako nje, wapishi wako nje, na Sultani yuko ndani na kikombe cha maji. Waziri Sudi, aliyekuwa ametoka mapema kununua wino, akarejea anatweta. Wino huo uliuzwa na tajiri mmoja tu mji mzima, na vichupa saba alivitoza ng'ombe mzima.

"Fungua! Nimeleta wino!"

"Cheti, Mheshimiwa."

"Cheti kitachapwaje bila wino?"

"Hakichapwi. Na wino hauingii bila cheti. Amri imesema hata nzi, na wewe, uniwie radhi, umemzidi nzi."

Makelele yakamfikia Sultani, akashuka mwenyewe, tumbo linanguruma. "Mbaruku! Fungua lango, naitengua amri!"

"Nasikia, bwana wangu. Ila hiyo ni ya mdomo."

"Nitakukata kichwa!"

"Na hiyo nayo ichapwe kwanza, bwana wangu."

Kisha Sultani akaketi juu ya jiwe la lango, akasema kwa sauti ya mtu mwenye njaa, "Mbaruku, kuna njia?"

"Ipo. Amri yako ilitaka cheti kilichochapwa, chenye tausi. Haikutaja mashine, wala rangi."

Akampigia mkewe ukelele kwa juu ya ukuta, achape vyeti vyenye tausi. Bi Mize, aliyekuwa amekesha kwa kukihofia kibanda chake, hakungoja kuitwa mara mbili. Haukupita muda akafika na vyeti vya moto, herufi zimekolea, na juu ya kila kimoja ndege mweusi mwenye mkia mrefu.

Sultani akakipokea cheti cha kwanza kwenye mwanya wa lango, akakitazama. "Huyu ni tausi au kunguru?"

"Ni tausi, bwana wangu, ila huyu hali ng'ombe," akajibu Bi Mize. "Nilimnunua kwa mbuzi watatu, mwaka wa saba huu. Wino wake ni wa kawaida, hata katika duka la pembeni unauzwa. Akiumwa, fundi wa mtaani anamjua."

Sultani Hilali akacheka hata akalishika tumbo lake tupu. "Mbuzi watatu ndiyo rahisi, na mbuzi mmoja ndiyo ghali! Na mimi nikapiga makofi!" Akaamuru, na Bi Mize akakimbilia kibandani akaichapa amri hiyo, kwamba kibanda cha Mbaruku kijengwe upya kwa mawe, na kwamba tangu siku hiyo kitu kisinunuliwe kwa ajili ya jumba lake mpaka Bi Mize awe amekwisha kuuliza maswali yake.

Lango likafunguliwa. Mbaruku akawapanga watu mstari kama walivyofika, akapokea vyeti: samaki wakapita, wapishi wakapita, nazi zikapita, na kuni zikapita. Waziri Sudi, na vichupa vyake saba mkononi, alisimama nyuma ya punda wa muuza mkaa, akingoja zamu yake.

Hekaya yangu nimeifikisha langoni. Mwenye cheti na apite.