Ndama wa Mbuke

Hapo zamani, siyo za babu zetu bali za juzi tu, aliishi mjane aitwaye Mbuke. Mali yake ilikuwa ng'ombe mmoja mwenye mimba, Madoa, aliyewapa wajukuu wa Mbuke maziwa.

Siku moja, ng'ambo ya mpaka, kinu cha umeme wa nyuklia kiliungua. Moshi ukabeba madini joto yenye mionzi, na upepo ukageukia kwao. Shemeji yake Mbuke, Lugembe, alisikia habari hizo redioni akiwa mnadani. Akawaacha mbuzi wake papo hapo, akanyonga baiskeli mpaka mnyororo ukakatika, akamalizia kwa miguu hadi kwa Mbuke kumpa habari.

Mbuke akaapa mbele ya majirani: "Atakayemwokoa Madoa, ndama ni wake."

Akaja Shija, bwana mifugo, na dawa ya madini joto safi. Akaeleza kwamba tezi ya shingoni haichagui. Hula yanayotangulia, na ikishiba huyakataa yanayofuata. Mbuke aliogopa sumu, akakataa. Shija akainywa kwanza mwenyewe, akakunja uso, ndipo Madoa akanyweshwa.

Jirani yao Ng'walu naye akawaza: shingo imeshiba, je, tumbo? Kabla vumbi la moshi ule halijafika kuchafua malisho, akapanda juu ya nyumba yake, akang'oa nyasi kavu za paa, akamfungia Madoa bandani kwa Mbuke na kumlisha hizo. Mvua iliponyesha, Ng'walu alilala chini ya meza, akicheka.

Wapimaji wa mionzi walipokuja, kipimo chao kililia shingoni mwa kila ng'ombe. Kwa Madoa kilinong'ona tu. Wajukuu wakaendelea kunywa maziwa, na kwa wakati wake ndama akazaliwa, jike, mweupe usoni.

Wakaja wote watatu.

Lugembe akasema, "Bila habari yangu, dawa ingebaki kabatini na paa lingebaki juu."

Shija akasema, "Vumbi huvutwa hata puani, na paa halizibi pua. Mimi ndiye niliyeifunga shingo."

Ng'walu akasema, "Angekula majani machafu kila siku, dawa yako ingezidiwa. Na mimi ndiye ninayelala chini ya meza."

Mbuke akasimama, kamba ya ndama mkononi, akiwatazama mmoja mmoja. Wote wamesema kweli, na ndama ni mmoja.

Haya, nyinyi mliosikia: kamba ampe nani?