Chungu cha Kasungami

Chungu kilivunjika, na aliyekivunja ni Nkandu, mtu mzima mwenye watoto watano na akili zake timamu.

Asubuhi ile hakuna aliyekuwa na furaha kumshinda. Kwa wiki tatu yeye na kijana mwenzake, Alexis, walikuwa wakichimba katika shamba moja la Kasungami chini ya Mama Albertine, mtaalamu wa kutafuta mambo ya kale ardhini. Kazi yenyewe ilimchekesha Nkandu: shimo limegawanywa kwa kamba kuwa miraba, udongo unakwanguliwa kwa mwiko wa mwashi, unapigwa brashi, kisha unapitishwa kwenye chekeche kana kwamba ni unga wa bukari, ule ugali wa kwao. Yeye alikuwa amechimba shaba kwa sururu miaka minane. Kushika brashi aliona aibu.

Lakini Mama Albertine alikuwa ametoa ahadi. "Ule atatoa chungu nzima bila kuivunja, njo nitaenda naye Sakania. Kazi ya miezi mbili."

Basi saa nne mwiko wa Nkandu ukagonga ukingo wa duara. Akapiga brashi, na chungu kikachungulia kutoka ardhini, kizima, kimechorwa mistari shingoni.

"Mama! Kuya uone!"

Mama Albertine alipiga magoti, akakigusa kwa ncha ya kidole. "Félicitations, hongera, Papa Nkandu! Lakini usiiguse. Iko na maji, iko teketeke sawa mukate mu chai. Tuache ikauke siku mbili, tuifunge na bandeji, tuikate pamoja na udongo yake. Mi naenda kutafuta bandeji."

Alipoondoka, Nkandu aliwashwa mikono. Kule machimboni jiwe lililoonekana hutolewa papo hapo. Ukienda hata kukojoa, si lako tena. Na Alexis alikuwa mraba wa pili, amekodoa macho kama paka aliyeona samaki.

"Yaya, mama amesema siku mbili," Alexis alimkumbusha, akimwita kaka kwa heshima.

"Siku mbili, na weye uko hapa? Apana, mudogo. Udongo mi naijua."

Akaingiza vidole chini ya ukingo, akavuta. Chungu kikatoa mlio mdogo, kama mtu anayemeza mate. Nkandu akabaki na duara la ukingo mkononi. Kilichosalia kikajilaza shimoni vipande vipande.

"Ee yaya, umevaa bangili!" Alexis alisema. "Ndoa iko lini?"

Nkandu alitaka kumtukana, lakini kicheko kikamtoka pamoja na machozi.

Mama Albertine alirudi na bandeji zake, akatazama, akaketi juu ya ndoo. "Udongo iliichunga miaka mingi, Papa Nkandu. Weye umeshindwa robo saa?" Akamwonyesha kivuli cha hema. "Kaa pale. Utaigundisha."

Hasara yenyewe ni hii: vipande tisini na sita, kila kimoja kimeoshwa kwa mswaki na kuandikwa namba, siku kumi na saba za kugundisha, chupa nne za gundi, tundu moja ubavuni ambalo halikuzibika hadi leo, na miezi miwili ya Sakania, iliyokwenda kwa Alexis kwa ajili ya kijichungu cha ukubwa wa ngumi, alichokingoja siku tatu kikauke. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.